Bati la trekta si pambo, ni kinga



Kwa kawaida tunazungumza hapa juu ya kofia ya chuma, taa ya shimoni, vumbi na baruti. Leo tutoke nje ya lango la kampuni. Twende uani kwako, siku ya Jumamosi, penye trekta kuukuu iliyosimama juu ya magogo, kapo yake imeoza, mabati ya magurudumu yamebaki matundu matupu. Umeinunua kwa akiba yako. Unataka itembee, ivute tela, ilete mihogo na ndizi sokoni, ikusaidie siku utakapopumzika kazi. Nia yako ni njema. Lakini nina neno la kukuambia juu ya mabati hayo, na naomba unisikilize mpaka mwisho.

Hapa Kisangani mashini za zamani si jambo geni. Mji huu, ulioitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966, umekaa penye mwisho wa safari ya meli zinazopanda mto kutoka Kinshasa, kilomita 1.734. Tangu mwaka 1906 reli ya kilomita 125 ilivusha watu na mizigo kupita maporomoko, mpaka Ubundu. Kando ya mto kulikuwa na mashamba makubwa ya mawese, mpira na kahawa, na huko Yangambi kituo cha utafiti wa kilimo cha INEAC kilianzishwa mwaka 1933. Kisha yakaja maasi ya 1964, kutwaliwa kwa mashamba ya wageni baada ya tangazo la tarehe 30 Novemba 1973, halafu vita vya 1999 na 2000 vilivyopigwa katikati ya mji wenyewe. Mashamba mengi yakarudi msitu. Na chuma kikiachwa katika hali ya hewa yetu, yenye mvua karibu kila mwezi, kutu haina likizo.

Trekta ya zamani ni chuma kizito. Injini yake inaweza kulala miaka na bado ikaamka. Ferguson TE20, kwa mfano, ilitengenezwa Uingereza kati ya 1946 na 1956, zaidi ya nusu milioni, na mpaka leo ziko zinazolima. Kinachokufa kwanza ni bati. Basi mafundi wetu wanafanya hivi: wanatengeneza injini, wanatafuta matairi, wanaiwasha, wote wanapiga makofi. Ukiuliza, «Na mabati je?» unajibiwa, «Hayo ni urembo. Tutayaweka tukipata feza.»

Hapo ndipo mimi nakataa.

Bati lina kazi gani?

Tulitazame kila bati kwa zamu yake.

Kapo na mabati ya ubavuni yanafunika feni na mkanda wake. Feni ikizunguka, jicho halioni mapanga yake. Linaona kivuli tu. Mkono wa mtoto unaokwenda kugusa kivuli hicho haurudi mzima.

Bati la juu ya gurudumu la nyuma linakaa kati ya dereva na tairi lenye meno. Likiwepo, dereva akiteleza atagonga bati. Lisipokuwepo, tairi litamshika nguo na kumvuta chini yake. Vilevile dereva hulishika bati hilo anapopanda. Likiwa limefungwa kwa waya, siku moja litabaki mkononi mwake.

Kuna na kifuniko kidogo cha nyuma, kile ambacho wengi hukitupa kwanza: kinga ya mhimili unaozungusha mashini nyingine, kama pampu au kinu. Kwenye trekta nyingi mhimili huo unazunguka mara 540 kwa dakika. Piga hesabu: mara 9 kwa kila sekunde moja. Kikwembe cha mama kikigusa mhimili huo, kabla hajasema «yoo!» kitakuwa kimezungushwa mara 9. Hakuna mtu mwenye nguvu ya kushindana na kitu hicho, wala dereva mwenye mbio za kutosha kuzima injini.

Shimoni huwezi kuruhusiwa kuwasha mkanda wa kubeba mawe ikiwa kinga yake imefunguliwa. Msimamizi atakufokea, na ana haki. Kwa nini basi uani kwako, mahali ambapo kuna watoto, sheria iwe laini kuliko shimoni ambako kuna watu wazima tu? Mashini haijui kama iko kazini au nyumbani. Maoni yangu ni haya, na nayasema wazi: trekta isiyo na mabati yake isiwashwe kwa kazi. Fundi akitaka kusikiliza injini, awashe kwa dakika chache, watoto wakiwa ndani ya nyumba na mlango umefungwa. Baada ya hapo, izimwe mpaka bati lipatikane.

Bati utalitoa wapi?

Hapa jaribu linaanza. Bati jipya la chuma linagharimu, na kulisafirisha kwa mto kunagharimu tena. Kwa hiyo watu hutafuta njia tatu.

Ya kwanza ni bati la kuezekea nyumba. Usijidanganye. Bati la nyumba linalouzwa sokoni mara nyingi halifiki nusu milimita. Kapo ya trekta hutaka milimita 1,2 mpaka 1,5 hivi. Bati la nyumba likifungwa juu ya injini litatetemeka, litapasuka kwenye boliti, na kipande chake kitakuwa kisu. Tena limepakwa zinki, na juu ya zinki nitarudi.

Ya pili ni pipa la lita 200. Hili ni wazo la akili: ukiondoa vifuniko vya juu na chini na kulikunjua pipa, unapata bati la karibu mita 1,8 kwa mita 0,9, chuma kizuri, na mara nyingi unene wake unatosha. Lakini uliza kwanza: pipa lilibeba nini? Pipa la mafuta lililo «tupu» halina mafuta, lina mvuke wake, na mvuke ndio unaolipuka. Pipa lililojaa huwaka. Pipa tupu hupasuka kama bomu. Hata la mazuti, ambalo watu husema haliwaki, likipashwa moto na diski au mwali hutoa mvuke wa kutosha kumuua anayelikata. Kulisuuza kwa maji mara moja hakutoshi. Ukitaka kutumia pipa, tafuta lililobeba kitu kisichowaka wala kisicho na sumu, na lifungue kwa tindo na nyundo au mkasi wa bati, si kwa moto.

Na mapipa ya mgodini? Hapo sina maneno mawili. Pipa lililobeba sianidi au dawa nyingine ya kusafishia madini lisivuke lango, hata kama umeoshewa, hata kama umepewa bure. Si la bati, si la maji, si la kupikia pombe. Ukiliona kwa jirani, mwambie.

Ya tatu ni kukata bati kutoka kwenye gari bovu. Njia hii inafaa kwa viraka vidogo, kwa sababu bati la gari ni jembamba, chini ya milimita moja mara nyingi. Kwa bati la gurudumu, ambalo linabeba uzito wa mtu anayelishika, halitoshi peke yake bila chuma cha kulitegemeza chini.

Jambo lingine dogo: bati likipatikana, linafikaje nyumbani? Wengi hulifunga nyuma ya toleka au pikipiki, limejitokeza pande mbili kama mabawa. Katika njia ya soko, bati hilo liko sawa na shingo ya mtoto. Likunje au liviringishe, funika kingo zake kwa gunia, na mtu mmoja atembee nyuma yake.

Namna ya kulifunga

Fundi mzuri hafanyi haraka. Kabla ya kufungua bati la zamani, hata kama limeoza, lipige picha kwa simu yako kila upande. Usilitupe: ndilo kipimo chako. Liweke juu ya katoni, chora umbo lake na matundu yake, kata katoni, ijaribishe kwenye trekta. Katoni ikikataa, umepoteza katoni tu. Bati likikataa, umepoteza feza.

Kisha tengeneza kwanza vishikio. Kapo inalala mbele juu ya rejeta na nyuma juu ya ubao wa saa. Hivyo viwili vikiwa vimepinda, kapo mpya haitakaa sawa hata uigonge siku nzima. Watu wengi hulaumu bati, na kosa liko chini yake.

Weka mabati yote mahali pake, tia boliti zote, lakini usizikaze. Anzia katikati, sogea kwenda pembeni. Tazama mwanya wa kushoto na wa kulia kama vinalingana. Hakikisha bati haligusi rejeta, wala bomba la moshi, wala bomba la mafuta, maana bati linalotetemeka hukata bomba polepole kama msumeno. Tia kipande cha mpira au ngozi kati ya bati na kishikio chake. Mwishowe kaza, na tumia nati zisizolegea kwa mtikisiko.

Kama ni lazima utoboe tundu jipya, libane bati kwa vibano pande mbili. Bati lisilobanwa, keekee ikilishika, huzunguka kama panga na kukata tumbo la fundi. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulichanganya: kwa kubeba bati, vaa glavu za ngozi, kwa kutoboa kwa keekee, zivue, kwa sababu keekee hushika glavu na kuvuta kidole pamoja nayo. Kingo zote zipigwe tupa mpaka zikose ukali. Wala usitoboe kapo bila kujua kilicho chini yake. Kwenye trekta nyingi za zamani tangi la mafuta limelala hapo hapo, chini ya kapo. Litoe tangi kwanza, lipeleke mbali. Na tangi lenyewe likivuja, usilichomelee uani: tafuta jingine.

Kabla ya kuchomelea kwa umeme, fungua waya za betri na uiondoe. Usichomelee kwa mstari mmoja mrefu. Bati litajikunja kama jani kavu. Piga nukta moja hapa, nyingine mbali, rudi katikati, ngoja lipoe, mpaka nukta zikutane. Udongo ukiwa umelowa kwa mvua, weka kazi kando. Umeme na matope ni maadui wa mtu mmoja, yaani wewe. Na mashini ya diski usiiondolee kinga yake. Nayo pia ina bati lake, na bati lile lipo kwa sababu diski hupasuka.

Homa isiyo malaria

Sasa nazungumza na jamaa nzima, hasa mama.

Baba amechomelea bati lenye zinki mchana kutwa. Jioni anahisi ladha ya chuma mdomoni, koo linakauka. Usiku anatetemeka kwa baridi, mwili unauma, homa inapanda. Nyote mnasema, «Ni malaria,» maana hapa kwetu nani asiyeijua? Anapewa dawa. Kesho kutwa amepona, na mnasema dawa imefanya kazi. Juma lijalo anachomelea tena, anaugua tena.

Huenda si malaria. Ni homa ya moshi wa zinki. Zinki huchemka kwa digrii 907, nacho chuma huyeyuka karibu digrii 1.500, kwa hiyo kabla chuma hakijashikana, zinki imekwisha geuka moshi mweupe, nao umeingia kifuani. Homa yake huanza saa chache baada ya kazi na kwa kawaida huisha katika siku moja au mbili.

Usikisie. Nenda kituo cha afya upimwe damu, kwa sababu malaria nayo huua, na mwambie muuguzi kazi uliyofanya siku ile. Akikosa pumzi au kifua kikimbana, asingoje asubuhi.

Mafundi wengi husema, «Kunywa maziwa, moshi hautakudhuru.» Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanaingia tumboni, na moshi unaingia kwenye mapafu. Ni njia mbili zisizokutana. Dawa ni kuondoa zinki kwanza sehemu ya kuchomelea, kufanya kazi mahali pa wazi, na kusimama upande unakotoka upepo, kichwa kikiwa nje ya moshi.

Jambo la pili la afya ni rangi. Rangi za zamani, hasa ile nyekundu ya chini ya kuzuia kutu, mara nyingi zilikuwa na risasi ndani yake. Ukiipiga msasa mkavu, unafanya vumbi. Vumbi linalala kwenye nguo, kwenye mchanga wa ua, kwenye vidole vya mtoto anayetambaa, na kutoka vidoleni linaingia mdomoni. Risasi huharibu akili ya mtoto anayekua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kilicho salama. Basi lowesha rangi kabla ya kuikwangua, tandika turubai chini, kusanya takataka zote, oga na ubadili nguo kabla ya kumpakata mtoto. Mama asifue nguo hizo pamoja na nguo za watoto.

La tatu ni macho. Mwanga wa kuchomelea huunguza jicho bila kuuma papo hapo. Maumivu huja usiku, kama mchanga ndani ya kope. Miwani ya jua haizuii kitu. Kunahitajika kinyago chenye kioo cheusi cha namba 10 mpaka 12 kwa kazi ya umeme. Na watoto wanaosimama kutazama cheche zinavyoruka, nani amewapa kinyago? Tundika turubai kati yao na kazi.

Bati jipya lisikudanganye

Wako wanaokosea kwa upande wa pili. Trekta yao inang'aa, kapo imepakwa rangi kama ya kiwandani, na siku ya kwanza wanapakia watoto wanne juu ya mabati ya magurudumu kuzunguka mtaa wa Mangobo. Bati la gurudumu si kiti. Mtoto akianguka kutoka pale, anaanguka mbele ya tairi lile lile ambalo bati liliwekwa kumkinga nalo. Trekta ina kiti kimoja, cha dereva.

Tena ujue kwamba hakuna kapo inayozuia trekta kupinduka. Sweden iliamuru tangu mwaka 1959 kwamba kila trekta mpya iwe na chuma cha kumlinda dereva inapopinduka, na nchi nyingine zikafuata. Trekta ya zamani kuliko hapo kwa kawaida haina. Basi endesha polepole, epuka ukingo wa mtaro na mteremko mkali. Na kama yako inacho chuma hicho, usikikate ili kupata nafasi ya paa la bati.

Utasema, «Mwandishi, haya yote yanahitaji feza na vyombo, na mimi nina mshahara mmoja.» Ni kweli, na sitaki kukufanyia mahubiri tu. Kwa hiyo natoa shauri kwa kamati zetu za usalama: vinyago, vibano na glavu vinavyolala ghalani kuanzia Jumamosi mchana mpaka Jumatatu asubuhi viazimwe kwa wafanyakazi, kwa daftari na sahihi. Mfanyakazi aliyepofuka uani kwake hatafika kazini Jumatatu, na jicho lake haliulizi liliungua kwa kazi ya nani. Na wewe, badala ya kufanya peke yako, jiungeni watatu au wanne: mmoja anunue bati, mwingine alete vyombo, wa tatu awe na kazi moja tu, kuwaangalia watoto.

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Trekta iliyongoja miaka 50 msituni inaweza kungoja majuma matatu zaidi, mpaka bati lake la mwisho limefungwa na nati yake ya mwisho imekazwa. Siku hiyo iwashe, waite majirani, mfurahi. Na wote waliokuwepo uani siku ulipoanza kazi wawepo siku hiyo, wakiwa na vidole kumi kila mmoja na macho mawili.